Nani atampa leseni fundi wa programu?

KARAMA, Dubai – Ukivuka barabara kutoka jumba la maduka la BurJuman unaingia Karama, mtaa wa majengo mafupi ya zamani ambao Waafrika Mashariki wengi wa Dubai wameupitia kwa njia moja au nyengine. Hapa kuna mafundi cherehani, maduka ya simu, mikahawa ya Wakerala na ya Wafilipino, na matangazo ya kukodisha si nyumba wala chumba, bali kitanda. Ni mtaa wa watu wanaofanya kazi.

Jumapili iliyopita jioni tulikaa watatu kwenye mmoja wa mikahawa hiyo, paratha mezani na chai nzito ya maziwa na iliki ambayo huku huitwa karak. Mmoja ni kijana wa Unguja, umri wake miaka 31, ambaye kwa miaka saba sasa anaandika programu za kompyuta kwa ajili ya zahanati na maduka ya dawa. Wa pili ni dada wa Mombasa, naye ni wa kazi hiyo hiyo. Majina yao hatutoyataja kwa sababu zinazoeleweka.

Kijana alitoa kitambulisho chake cha Imarati akakiweka mezani, upande wa nyuma juu. Pale panapoandikwa kazi ya mwenye kadi pameandikwa karani wa stoo.

"Ami, mimi hata hiyo stoo siijui ilipo," alisema, na sote tukacheka.

Tulicheka kwa sababu kadi yetu sisi nayo haina ukweli zaidi. Wasomaji wetu wa siku nyingi wanajua kuwa tuliondoka nyumbani kwa ajili ya kalamu. Kadi yetu inasema mtarjumi.

Kwa walioko nyumbani ambao hawajaonja maisha ya Ghuba, hebu tueleze kidogo. Huku jina la kazi lililoandikwa kwenye kibali chako si pambo. Wizara inayohusika na ajira imezipanga kazi kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni ya wakurugenzi na mameneja, ya pili ni ya wataalamu, na ndani ya hiyo ya pili ndimo alimo mhandisi na mtunzi wa programu. Kuingia humo kunataka shahada ya chuo kikuu, na shahada yenyewe iwe imegongwa mihuri: wizara ya mambo ya nje ya nchi ilikotoka, kisha ubalozi wa Imarati ulioko huko, kisha wizara ya mambo ya nje ya hapa, ambayo hutoza dirham 150 kwa waraka mmoja. Kijana wetu ana stashahada ya miaka miwili. Alianza shahada, baba yake akafariki, ada ikakosekana. Kwa hivyo mwajiri alimtafutia jina lililokuwa rahisi kupatikana, na jina hilo likawa karani wa stoo.

Zamani jina hilo lilikuwa linauma zaidi kuliko sasa. Kabla ya mwaka 2019, mwenye kazi ya chini kwenye karatasi hakuweza kumleta mkewe hata kama mshahara ulimtosha. Mwaka huo baraza la mawaziri la Imarati liliondoa sharti la kazi likaweka la kipato: dirham 4,000 kwa mwezi, au 3,000 na nyumba ya mwajiri. Mlango mmoja ukafunguka. Mwengine haukufunguka kwake. Viza ya dhahabu ya miaka kumi, kwa anayeiomba kama mtaalamu aliyeajiriwa, inataka ngazi ya kwanza au ya pili, shahada, na mshahara wa dirham 30,000. Ni kweli kuwa Julai 2021 serikali ya hapa ilizindua mpango wa taifa wa waandishi wa programu, kwa lengo la kufikisha watu 100,000 wa kazi hiyo katika miaka mitano, na wengi walipewa viza hizo. Lakini karani wa stoo aanze wapi kubisha hodi?

Kuna jengine alilotuambia huku akiangalia kikombe chake. Mwaka 2018 mama yake mdogo alifariki katika nchi jirani ambako nusu ya ukoo wake unaishi, mwendo wa saa chache kwa gari. Siku hizo nchi hiyo ilikuwa na orodha ya kazi ambazo mkaazi wa Ghuba akiwa nazo hupata viza pale pale mpakani. Mhandisi alikuwemo, daktari alikuwemo, mhasibu alikuwemo. Karani wa stoo hakuwemo. Alirudi Karama usiku ule ule na maiti ikazikwa asubuhi bila yeye.

Asidhani msomaji kuwa hadithi hii ni ya Waswahili peke yao. Mwaka 2018 hiyo hiyo, Kuwait iliamua kuwa hakuna mhandisi wa kigeni atakayeongezewa muda wa ukaazi kwa jina hilo bila ya kuthibitishwa na Jumuiya ya Wahandisi ya Kuwait, na kwa Wahindi sharti likawa chuo alichosoma mtu kiwe kimeidhinishwa na bodi maalumu ya kwao. Watu waliokuwa wahandisi kwa miaka ishirini, waliojenga madaraja na mitambo, waliambiwa kuwa chuo walichomaliza ujanani hakimo kwenye orodha. Wengine ikabidi wabadilishe jina la kazi ili wabaki. Wahindi wa Karama wanakumbuka vizuri, maana kila mmoja ana jamaa yake kule.

Sisi Waswahili tuna maneno mawili kwa watu hawa, na yameachana mbali. Mhandisi tumemchukua kwa Waarabu, naye amekuja na suti, bodi ya usajili na muhuri. Tanzania ina Bodi ya Usajili wa Wahandisi, Kenya ina ya kwake, na anayejiita mhandisi bila ya kuwemo kwenye daftari anavunja sheria. Fundi ni wetu wenyewe. Fundi haulizwi cheti. Huulizwa kazi yake ya mwisho iko wapi ili mtu akaitazame. Fundi wa jahazi wa Pwani alichonga chombo kikafika Bombay na hakuna aliyemuuliza amesoma wapi, lakini chombo kikivuja kila mtu bandarini alijua kimetoka mikononi mwa nani. Mwandishi wa programu yumo katikati ya maneno haya mawili. Kazi anaifunza kama fundi, mshahara anaudai kama mhandisi, na chombo chake kikivuja, mara nyingi hajulikani ni nani aliyekichonga.

Na hapa ndipo kijana wetu alipotushangaza. Tulidhani atalalamikia vyeti na mihuri. Kumbe yeye anataka leseni.

Alitusimulia. Miaka mitatu iliyopita aliandika programu ya zahanati moja, ambamo muuguzi huingiza uzito wa mtoto na programu humpa kipimo cha dawa. Siku moja muuguzi aliingiza uzito kimakosa, akarudi juu akausahihisha. Kwenye kioo uzito mpya ukaonekana. Lakini kipimo cha dawa kilibaki cha uzito wa mwanzo, kwa sababu programu ilikuwa imeshapiga hesabu yake na haikuambiwa iirudie. Muuguzi, mama wa makamo kutoka Kerala, aliitazama ile namba akaona haimuingii akilini. Akachukua kalamu akapiga hesabu kwa mkono. Mtoto hakupewa dawa ile.

"Kosa lilikuwa langu, ami. Langu mimi peke yangu," alisema. "Sasa fikiria. Daktari pale ana leseni. Muuguzi ana leseni, na kila mara anaihuisha. Anayekuuzia dawa dirishani ana leseni. Zahanati yenyewe ina leseni ukutani. Yule mama angempa mtoto dawa ile, angeipoteza yake. Mimi niliyeandika ile hesabu sina cha kupoteza. Kwenye karatasi mimi naweka maboksi stoo."

Kosa la namna hiyo lina historia, na historia yake inatisha. Katika miaka ya 1980 kampuni ya serikali ya Canada, AECL, ilitengeneza mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iliyoitwa Therac-25. Mashine zilizotangulia zilikuwa na vizuizi vya chuma na umeme vya kuzuia mionzi isizidi. Katika hii mpya kazi kubwa ya ulinzi iliachiwa programu ya kompyuta. Kati ya mwaka 1985 na 1987 wagonjwa sita nchini Marekani na Canada walipigwa na mionzi iliyopita kiasi kwa mbali sana, na baadhi yao wakafariki.

Wawili kati ya hao walitibiwa katika hospitali moja ya mji wa Tyler, Texas, Machi na Aprili 1986, na wote wawili walifariki mwaka huo huo. Mwendeshaji wa mashine alibonyeza herufi ya aina moja ya mionzi, akagundua kosa, akarudi juu akabonyeza herufi sahihi. Kioo kikaonyesha sahihi. Mashine ilihitaji sekunde zipatazo nane kujipanga, na mtu aliyezoea kazi, mwenye vidole vyepesi, alisahihisha kabla hazijapita, hivyo programu haikuona kuwa kuna kilichobadilishwa. Aliyeligundua tatizo hakuwa mtengenezaji. Alikuwa mwanafizikia wa hospitali ile, Fritz Hager, aliyekaa na mwendeshaji wakarudia kubonyeza tena na tena mpaka kosa likajitokeza mbele ya macho yao.

Na programu ile iliandikwa na nani? Na mtu mmoja. Aliondoka katika kampuni mwaka 1986, na kesi zilipofika kwa mawakili, hakuna mfanyakazi wa AECL aliyehojiwa aliyeweza kusema mtu huyo alisoma nini wala alikuwa na uzoefu gani.

Kwa hivyo leseni ndiyo dawa? Dada wa Mombasa alikuwa kimya muda wote huo, akimega paratha. Hapo akaweka kipande chini.

"Leseni ya nani kwa nani?" aliuliza. "Mimi sina shahada wala stashahada. Nimefunza hii kazi kwenye saiba ya Majengo, kwa shilingi moja kila dakika, na mwenye saiba akinihurumia hunipa saa ya bure nikimsafishia meza. Wakiweka sheria ya shahada, mimi ni wa kwanza kutolewa nje."

Yeye anafanyia kazi kampuni ya Ujerumani akiwa hapa hapa Karama, kwa viza ya kufanya kazi kwa mbali ambayo Dubai ilianza kuitoa mwaka 2020. Viza hiyo ina uzuri wake wa ajabu: inataka uthibitisho wa kipato, ambacho kwa sasa ni dola 3,500 kwa mwezi, mkataba wa kazi na bima. Shahada hakuulizwa. Kijana wa Unguja alimtazama kwa jicho la wivu kidogo, na tunadhani ana haki.

Hofu ya dada huyu si ya kujitungia. Kwao Kenya sheria kama hiyo ililetwa bungeni mara mbili. Mwaka 2016 uliwasilishwa muswada wa wataalamu wa TEHAMA, uliotaka kila mtu wa kazi hiyo asajiliwe, awe na leseni ya kuhuishwa kila mwaka, na sifa ya kusajiliwa iwe shahada ya chuo kikuu kinachotambulika. Vijana wa Nairobi walipiga kelele, na waziri wa TEHAMA wa wakati huo, Joe Mucheru, naye akaupinga. Ulikwama. Ukarudi tena kwa jina la muswada wa mwaka 2020, ukiletwa na mbunge Godfrey Osotsi, na safari hii wabunge wakaupitisha. Juni 2022, wiki chache kabla ya kuondoka madarakani, Rais Uhuru Kenyatta alikataa kuutia saini.

Nchi ambayo M-Pesa ilianza mwaka 2007 na kuifunza dunia nzima kutuma pesa kwa simu ilikuwa karibu kuwaambia nusu ya vijana wake wa kompyuta kuwa kazi yao ni haramu. Tanzania imekwenda taratibu zaidi. Tume ya TEHAMA iliyoundwa mwaka 2015 ina jukumu la kusajili wataalamu na kuwaendeleza.

Wakubwa wa dunia nao hawakufika mbali. Texas ile ile ya hospitali ya Tyler ilikuwa ya kwanza Marekani kumtambua mhandisi wa programu kama mhandisi mwenye leseni, mwaka 1998. Chama kikubwa cha wanakompyuta, ACM, kilikataa kuunga mkono kikisema elimu yenyewe bado haijakomaa kiasi cha kupimwa kwa leseni. Mtihani wa taifa ukaja mwaka 2013. Ukafungwa baada ya Aprili 2019, na kwa miaka yote hiyo waliokuwa wameufanya ni watu 81. Wasomaji wetu walioko Calgary na Edmonton watakumbuka ya kwao: chama cha wahandisi cha Alberta kilikwenda mahakamani kuzuia watu wa programu wasijiite wahandisi, na Novemba 2023 jaji akakikatalia, akiona hakuna ushahidi kuwa umma unahatarishwa na jina hilo. Kabla ya mwaka kwisha serikali ya jimbo ikabadilisha sheria yenyewe.

Tukimsikiliza dada huyu tulikumbuka biashara yetu sisi. Waandishi wa habari tumeshayapitia haya. Tanzania Bara ilipitisha Sheria ya Huduma za Habari mwaka 2016, na kwa sheria hiyo hakuna kuwa mwandishi bila ya ithibati. Kanuni zilizofuata mwaka 2017 zikaweka sharti la stashahada ya uandishi. Hoja zilizotolewa zilikuwa nzuri masikioni: kulinda heshima ya kazi, kumlinda msomaji, kuwaondoa makanjanja. Nasi tunakiri kuwa makanjanja wapo, wengine tumefanya nao kazi chumba kimoja. Lakini anayekupa ithibati ndiye anayeweza kukunyang'anya, na siku atakapokunyang'anya si lazima iwe kwa sababu umeandika uongo. Tuliyajua hayo kabla hatujapanda ndege. Ndiyo maana kijana aliposema anataka leseni, moyo wetu ulishtuka kwanza, kisha ndio tukamsikiliza.

Na tulipomsikiliza tuliona kuwa analolitaka silo hilo. Tulimuuliza: ungekuwa na leseni siku ile, kosa lisingetokea? Alifikiri kidogo. Akasema lingetokea vile vile. Ungekuwa na shahada? Vile vile. Kilichokosekana ni nini basi?

"Mtu wa pili," alijibu. "Niliandika peke yangu, nikajaribu peke yangu, nikaifunga pale zahanati peke yangu. Hakuna aliyeisoma hata mstari mmoja. Na yule muuguzi alipoona kosa, hakuwa na pa kuliandika. Alinipigia simu kwa sababu alikuwa na namba yangu tu."

Haya ndiyo waliyoyaona pia wataalamu waliochunguza Therac-25. Kasoro ya herufi na sekunde nane ilikuwa moja tu. Vizuizi vya zamani viliondolewa kwa kuiamini programu kupita kiasi, hakuna mtu wa nje aliyeikagua, na malalamiko ya hospitali yalipofika kiwandani jibu lilikuwa kwamba mashine haiwezi kufanya hivyo. Ukampa mwandishi yule vyeti vyote vya dunia, bado mambo hayo matatu yangebaki pale pale.

Kwa hivyo sisi tumesimama upande wa dada wa Mombasa kuhusu jina, na upande wa kijana wa Unguja kuhusu kazi. Anayeandika programu ya duka la kanga aachwe, ajiite mhandisi, fundi au mfalme akipenda. Programu inayopima dawa, inayohesabu kura, inayoshika pesa za watu, hiyo ikaguliwe yenyewe kabla haijawashwa, na mtu mwengine asiye mwandishi wake, na makosa yake yawe na daftari linalosomwa. Sheria za namna hii hazitoki mbinguni. Tanzania ina Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 inayoweka viwango kwa mifumo ya taasisi za umma, sio kwa vyeti vya vijana. Zahanati binafsi haimo humo, lakini njia ni hiyo. Na jina la aliyeandika liwekwe, kama la fundi wa jahazi, hata kama kwenye kadi yake ni karani.

Dada hakukubali yote. Alisema ukaguzi una gharama, na gharama daima huwafikia wadogo kwanza. Kampuni kubwa italipa mkaguzi na yeye atakosa kazi. Hilo hatukuwa na jibu lake zuri. Tulisema labda serikali ilipie, naye akatuuliza serikali ipi, tukanyamaza.

Kijana anaandika upya programu ile ile kwa ajili ya tawi la pili la zahanati. Wiki mbili zilizopita alimuomba mwenye zahanati mambo mawili: alipwe mtu wa pili aisome kazi nzima kabla haijafungwa, na yule muuguzi wa Kerala apewe siku tatu za kukaa naye kuijaribu, abonyeze makosa kadiri awezavyo. La muuguzi limekubaliwa. Kuhusu mtu wa pili aliulizwa itagharimu kiasi gani, akataja, na mpaka tunaandika makala haya jibu halijarudi.